Mti Mkavu wa Mulei

Pale Mwingi, nyuma ya duka la mbolea, kuna benchi lenye miguu mitatu na jiwe. Asubuhi hiyo Mulei, wanayemwita Pawa kwa sababu ya msumeno wake wa petroli, aliketi upande wa jiwe, macho mekundu kwa kukosa usingizi, katoni ya sabuni mapajani. Ndani mlikuwa na hondohondo jike, mdomo mwekundu kama pilipili, na vifaranga wawili uchi. Aliwakuta jana alipoangusha mti mkavu. Mama alikuwa amejiziba kwa udongo ndani ya shimo la mti huo ili alishwe na bwana yake, na manyoya ya mabawa yalishamtoka. Kuruka hawezi. Tangu jana hajameza kitu.

— Mimi nilifuata sheria, alisema Mulei. Kikundi chetu cha wachoma makaa kilisema tuache mibichi, tukate mikavu tu. Hata kanisani tulipigiwa makofi.

— Makofi ulipata, sasa umepata na familia, alisema Kilonzo, jina la kijiweni Hansadi, maana hakosi hotuba. Umewapa ugali?

— Nimewapa. Mama ameniangalia kama mama mkwe.

Muindi, fundi wa viatu, alipuliza chai yake.

— Huyo si amezoea kufungiwa? Mtie kabatini, wewe uwe bwana.

— Muindi, mimi nimeoa.

— Basi mpeleke bwenini, shule ya wasichana, alidakia Hansadi. Huko kufungiwa na kulishwa vibaya ni kawaida.

— Ama kabati tulipandishe paa la kanisa, bwana yake alione, pasta awafungishe ndoa upya! alisema Muindi.

Benchi zima likacheka. Mulei alitia kidole katonini. Jana ndege alimdonoa. Leo alifumba macho tu.

Ndinda, mfuga nyuki wa Tseikuru aliyekuja mjini kununua waya, alisimama akachungulia.

— Bado yuko hai? Sasa mnangoja nini? Kile kipande cha gogo chenye shimo tukitundike kama mzinga, karibu na pale mti ulikuwa. Tumrudishe ndani na watoto, tuzibe na matope, bwana yake atamwona. Waya ninayo hapa. Kipande kiko wapi?

Hansadi akamtazama Muindi. Muindi akamtazama Mulei.

Mulei aliifunika katoni. Alfajiri alikuwa amekipanga kwenye tanuri la makaa pamoja na vingine, akafunika kwa majani na udongo, akawasha mwenyewe.

— Nimeuliza, kiko wapi? alisema Ndinda, akianza kufungua waya.