Gedion Mugendi na Plagi Zenye Rangi Nyekundu

Baada ya kutunza umeme wa hospitali yetu ya misheni kwa miaka thelathini na miwili, Bwana Gedion Mugendi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025.

Alitoka Runyenjes mwaka 1993 na bisibisi mbili, akakuta stoo imejaa mashine za msaada kutoka Amerika. Zilitaka volti 110. Ukuta wetu unatoa 240. Wengi tuliamini adapta inatosha. Mugendi alitueleza bila kuchoka kwamba adapta hubadilisha umbo la pini tu, na kwamba mashine hizo sharti zipitie transfoma ya kupunguza volti, tena yenye nguvu kuzidi mashine yenyewe.

Kila plagi ya 110 aliipaka rangi ya kucha, nyekundu, aliyoinunua sokoni Gakoromone. Wauzaji walimtania kwamba mkewe Ruguru ana vidole hamsini. Tukimharakisha alitujibu polepole, “Ngojeni kwanza. Hii ukiipea mia mbili na arobaini itaungua, na mgonjwa ako hapo.”

Mwaka 2012 alienda kumzika mamake. Mchana huo mashine ya oksijeni ya mtoto wa mama mmoja, Wambeti, iliungua wadini, na mtoto akafariki kabla hatujapata mtungi. Mbele ya kamati, Mugendi alisema alisahau kuipaka plagi rangi. Alipewa barua ya onyo, na cheo cha msimamizi wa ufundi kikaenda kwa mwingine.

Mimi Caroline, muuguzi ninayeandika haya, niliiona ile rangi. Transfoma ilikuwa chumba cha upasuaji, mtoto anahema kwa shida, nikachomeka kwa adapta. Mugendi aliporudi aliitazama plagi, akanitazama mimi, mja mzito wa miezi saba na mgeni kazini. Aliikata ile plagi, akaitia mfukoni. Nimemsalimia kila asubuhi kwa miaka kumi na tatu nikiwa na aibu hii.

Jumatatu nilimwandikia mkurugenzi, kisha nikaenda kijijini Kianjai kumwambia Wambeti. Alilia, nami nikalia. Mkono wangu hakuupokea.

Asante, Fundi, na unisamehe. Sisi sote tunakuombea miaka mirefu yenye amani nyumbani kwako na Ruguru. Ijumaa usiondoke mapema. Wambeti anakuja, na ameniomba nikwambie kwamba anataka kukusalimia.