Chembe ya Alumini Kwenye Jiko la Mama Mkaa

Asubuhi hiyo benchi letu la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa na wenyewe: Breki, dereva wa lori aliyestaafu, Jaji, kinyozi anayekata maneno kuliko nywele, Mama Mkaa, muuza kahawa, na mimi msikilizaji. Akaja mpwa wake Breki, binti aliye fundi wa kauri katika maabara ya chuo, amekumbatia boksi. Mchana angesimama mbele ya wakubwa wake kuonyesha kazi yake. Akikwama tena, tanuri analochomea kauri atapewa mwingine.

— Shikamooni. Mama, niazime jiko. Nataka kuona kama kauri yangu itageuza joto kuwa umeme.

— Marahaba, mwanangu. Weka. — Mama Mkaa akaitua birika.

Binti akatoa kigae kilichotengenezwa kwa unga wa oksidi ya zinki, yaani zinki iliyoungana na oksijeni, vipande vingi vimeungwa kwa waya. Akakilaza jikoni, juu yake bakuli la maji baridi, waya akazifunga kwenye kifeni cha kuchezea. Tukakodoa macho. Kifeni kimya.

— Hiki ni oksidi ya zinki tupu, umeme haupati njia. Hiki kingine nimekitia alumini, chembe tu.

Akabadilisha. Kifeni kikatikisika, kikasita, halafu vrrr! Breki akaruka, akamwaga kahawa ya Jaji.

JAJI: Alumini si ndiyo sufuria? Saga sufuria nzima! Haba na haba hujaza kibaba.

— Nilishazidisha, Mzee Jaji. Tazama.

Akaweka kigae cha tatu. Kifeni kikajikuna mara moja, kikalala.

— Hapa umeme unapita kwa raha, ila msukumo wake umepungua.

BREKI: Kama lori! Tupu halina faida, likizidishiwa mzigo halipandi mlima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

JAJI: Mvungu umetoka wapi?

BREKI: Chini moto, juu maji, katikati kigae. Huo si mvungu?

MAMA MKAA: Ni chumvi kwenye mboga, basi.

JAJI: Mnawaza karibu mno! Kichwa changu kina joto tangu nizaliwe. Nivisheni kofia ya kauri, mashine ya kunyolea ingurume bila bili!

BREKI: Na mke wangu akikasirika, mtaa mzima unawaka!

MAMA MKAA: Akikusikia, utazimika wewe.

Binti alicheka mpaka akajishika mbavu. Akakirudisha kigae cha pili, kifeni kikazunguka tena. Hapo mshonaji wa ng'ambo ya barabara akavuka na kikombe chake.

— Kumbe imekubali! Mmeshampa hongera?

Jaji akamtazama Breki. Breki akatazama viatu vyake. Kisha akavua kofia, akafuta benchi kwa mkono.

— Mpwa wangu... kaa hapa.

Binti akakaa. Tukapiga makofi na vigelegele, hata mteja wa Jaji akatoka ndani, kichwa nusu kimenyolewa, akiuliza ni harusi ya nani.