Misale Ambayo Veronika Kagure Hakuitoa

Familia inawashukuru nyote mliofika hapa Ruiri leo, Ijumaa tarehe 16 Novemba 2018, kumsindikiza mama na nyanya yetu, Veronika Kagure Gitari. Hakupenda kusifiwa. Tutasema yale tu ambayo yeye mwenyewe hakuyakana.

Marehemu alizaliwa Kyeni, Embu, mwaka 1936. Siku yenyewe haikuandikwa, ila alibatizwa Jumapili ya Pentekoste, tarehe 31 Mei mwaka huo. Baba yake, Muriithi, alikuwa katekista. Kagure alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akamaliza mwaka 1950. Alikuwa msichana wa maneno machache, na watu wengi walidhani ukimya wake ni kukubali.

Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, baba yake alipelekwa kizuizini. Familia ikaondolewa shambani kwake na kutiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Muriithi alimwachia binti yake misale moja ya Kiswahili, kitabu cha sala na masomo ya Misa. Siku hizo masomo ya Misa yalikuwa yale yale kila mwaka, kwa hiyo misale moja ilitosha maisha yote ya mtu. Kilichobadilika ni tarehe tu: Pasaka huja mapema mwaka huu, ikachelewa mwaka ujao. Mbele ya kitabu kulikuwa na ukurasa uliozionyesha tarehe hizo, mwaka baada ya mwaka. Padre hakuruhusiwa kuja mara kwa mara, basi Kagure, akiwa na miaka kumi na minane, akawa anawasomea watu masomo kila Jumapili.

Homgadi wa kijiji, mlinzi wa serikali aliyeitwa Misheck, aliingia kupekua nyumba akitafuta dalili za viapo vya wapiganaji wa msituni, akaikuta misale na nyuzi zake za rangi za kuwekea alama.

"Hizi ni za kiapo gani?"

"Rangi ya zambarau ni ya Kwaresima," Kagure akajibu. "Nyeupe ni ya Pasaka."

"Na nyekundu?"

"Ya mashahidi. Watu waliouawa na serikali."

Misheck alimtazama, akachana ukurasa wa mbele, akasokotea tumbaku. Karatasi ya misale ni nyembamba, inafaa sana kwa kazi hiyo.

"Umevuta Pasaka yetu," Kagure alimwambia.

Kwa maneno hayo Kagure alichimbishwa handaki wiki nzima. Lakini alibaki na kitabu.

Ukurasa uliovutwa ndio ule wa tarehe. Mwaka 1955 ulipoanza, Kagure hakuwa na mtu wa kumuuliza, basi alifuata mwaka uliopita: kama Kwaresima ilianza mwanzoni mwa Machi, itaanza mwanzoni mwa Machi tena. Kijiji kizima kikafunga kwa tarehe hizo. Padre alipopata kibali cha kuingia, Jumatatu tarehe 11 Aprili, Kanisa lote lilikuwa limekwisha kuimba Aleluya jana yake. Aliwakuta watu wetu wakiimba nyimbo za Njia ya Msalaba.

"Kristo amefufuka," Padre akasema.

"Bado, Padre," mzee mmoja akamjibu. "Anafufuka Jumapili."

Kila Mama alipofika hapo katika kusimulia, alicheka peke yake. Siku yenyewe hakucheka.

"Nani aliwapa tarehe hizi?"

"Mimi, Padre."

"Kwa mamlaka gani?"

"Kwa ya mwaka jana."

Padre alinyoosha mkono. Alisema misale itakaa misheni mpaka apatikane katekista mwanamume, maana kusomea watu si kazi ya msichana anayepotosha Kwaresima.

"Tumefunga wiki moja nyuma yenu tu," Kagure akasema. "Hiyo ni dhambi gani? Kitabu hakijakosea, ukurasa ndio umechanwa. Ukikichukua, Jumapili hawa watasikia nini? Kitafaa mwaka ujao, na mwaka wa baadaye. Tuandikie tarehe tu."

Wanawake walikuja kusimama nyuma yake. Hakuna aliyekwenda kuungama mpaka Padre alipotoa kalamu. Aliandika tarehe za Pasaka hadi mwaka 1960 ndani ya jalada, akaondoka bila kitabu. Yule mzee alikula Pasaka Jumatatu hiyo, na Jumapili akaila tena.

Marehemu aliolewa na Gitari, dereva wa lori, Jumamosi tarehe 19 Aprili 1958. Gitari alitaka harusi ya mwezi wa tatu, akaambiwa kwamba Kwaresima haina harusi. "Safari hii una hakika na tarehe?" akamuuliza. Waliishi pamoja miaka thelathini na tisa, na swali hilo halikuisha. Mungu aliwajalia watoto watano. Walihamia hapa Ruiri mwaka 1963, wakalima viazi na maharagwe, naye akafundisha nasari hadi mwaka 1991.

Misale ilipoachana na jalada lake, aliipeleka Majengo, mjini Meru, kwa Idrisi, fundi wa viatu Mwislamu.

"Mama, kitabu cha kanisa lenu nikishone mimi?"

"Si unashona viatu vya Padre?"

Idrisi aliishona kwa uzi wa viatu, na ngozi ya mbuzi juu.

Baadaye masomo ya Jumapili yalipangwa upya kwa miaka mitatu, A, B na C, na parokia ikaanza kuuza vitabu vya mwaka mmoja mmoja. Mwaka ukiisha, kurasa zake zilifungiwa sukari dukani. Mama alivikusanya nyumba kwa nyumba. Mwaka B uliporudi, alivitoa, akafuta tarehe za zamani na kuandika mpya kwa penseli, na jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ikasali. Mwenyekiti mmoja alimwambia kwamba jumuiya nyingine zina vitabu vipya.

"Na sisi tunavyo," akasema. "Vimesomwa tu."

Kisukari kilimpata mwaka 2009, na mwaka huu figo zikachoka. Padre alimwambia kuwa mgonjwa hafungwi na mfungo; Mama akamshukuru, akafunga. Jumapili tarehe 4 Novemba, akiwa wodini Meru, alimwomba mjukuu wake asome Injili ya siku kutoka kitabu cha mwaka 1985.

"Cucu, sina sauti."

"Soma hivyo hivyo. Wenye kutaka watasogea."

Wagonjwa wawili walisogeza viti. Alifariki Alhamisi tarehe 8 Novemba, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na watatu na vitukuu sita. Mumewe Gitari na mwana wao Mutegi walimtangulia.

Kamati ya parokia ilituomba tukusanye vitabu vyake vichakavu vichomwe, kama ilivyo desturi. Tunaiheshimu kamati. Jibu letu ni hapana. Kesho kutwa ni Jumapili ya thelathini na tatu, Mwaka B, na jumuiya itasoma kutoka vitabu hivyo, nyumbani kwake, saa tatu asubuhi. Padre anakaribishwa.

Mungu ampe pumziko la amani, yeye ambaye hakuomba ruhusa ya kusali.