Historia ya Yien Gatluak, Aliyevuliwa Mkanda

Bwana Yesu asifiwe, wachungaji, wazee wetu, majirani wa Gurei na ndugu kutoka Mangateen, mimi ni Nyagach, dada yake marehemu, na nimepewa kusoma kwa sababu kaka zangu wamesema wakishika kipaza sauti watamtukana mtu, nami nimeahidi kujizuia. Mnaoketi juani mtuwie radhi, hema lilikuwepo, na sababu ya kuliondoa nitaifikia.

Yien Gatluak alizaliwa tarehe 3 Machi 1991 huko Nasir, mtoto wa pili wa mzee Gatluak na mama Nyagoa, akabebwa mgongoni hadi kambi ya Kakuma, akasoma humo shule ya msingi hadi mwaka 2006, kisha sekondari mjini Kitale, alikomaliza mwaka 2010.

Mwaka 2012 alirudi Juba, akaendesha gari la abiria la Nimule, na mliolipanda mnajua kwamba hata likijaa halikuondoka mpaka kila mtu afunge mkanda, mama mwenye kuku naye afunge, hadi madereva wenzake pale Nesitu wakambandika jina la Mzee Mkanda, naye akaitika.

Tarehe 16 Aprili 2016 alifunga ndoa na wifi yetu Josline, mpika chapati wa Mangateen, mzaliwa wa Mbale, wakajaliwa watoto wawili, Nyapal mwenye miaka saba, na Erifazi mwenye minne, ambaye hapandi boda mpaka afungwe leso, maana baba alisema.

Mwaka 2021 aliajiriwa na kampuni inayochoma nyasi za hifadhi kwa mpango, mapema Desemba kabla hazijakauka sana, ili moto mkubwa wa Februari usipate cha kula, kazi yake ikiwa kukaa ndani ya helikopta, upande wa nyuma, kwenye mlango ulio wazi, akiangusha vidonge vinavyowaka vikifika chini.

Jumatatu tarehe 9 Desemba 2024 alikuja mgeni wa kampuni aliyetaka kupiga picha akiwa mlangoni, na nyuma kulikuwa na kiti kimoja tu na mkanda mmoja, wa Yien. Pitia, mwenzake wa kazi, ametueleza mbele ya wazee: "Wallahi mimi iko pale, mimi naona na macho yangu. Yien nakataa. Bosi nasema, kama wewe hataki, shuka, watu ya kazi iko mingi. Yien natoa mkanda, nafunga mgeni vizuri, yeye nakaa chini."

Helikopta ilipita chini ndani ya moshi, mkia ukagonga mti, ikaanguka, rubani na bosi waliofunga mikanda yao mbele, pamoja na mgeni, wakatoka na mikwaruzo, ndugu yangu akarushwa nje, ndani ya nyasi alizoziwasha mwenyewe. Alifariki hospitalini hapa Juba Alhamisi tarehe 12.

Jumatano, akiwa bado anapumua, kampuni ilitangaza kuwa mfanyakazi wao alifungua mkanda kwa uzembe. Mzee Mkanda! Wapendwa, nina hasira, na sitaificha. Watoto hawa wakue wakiambiwa baba yao alijiua kwa uzembe? Jana wakaleta hema lenye jina lao, wakaniomba nisome kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakumwamuru mtu avue mkanda, aliyeamuru ana jina na mshahara.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani mlioleta kuni na maji, wenzake wa kazi, na zaidi Pitia, ambaye tangu jana hana kazi kwa sababu ya maneno niliyosoma. Kampuni hatuishukuru.

Hema lao tumelikunja, liko nje ya geti. Bosi wake amekuja, nimemwona pale kwenye kivuli cha ukuta, na kipaza sauti nakiacha hapa mezani. Akisimama mbele ya Nyapal na Erifazi, akasema mkanda ule ulifungwa kiunoni mwa nani na kwa amri ya nani, tutalisimamisha hema sasa hivi na kuketi chini yake pamoja naye. Asiposema, tutamzika Yien hivi hivi, juani.

Kaka Yien, wewe pumzika kwa amani, jua hili tutalivumilia sisi.