Mizani ya Tajudin

"Tegua hiki, baba: sina miguu, lakini nikipita, miji inahama!" Bibi Milembe alimgeukia jirani yake wa kiti, basi lilipotoka tu Bariadi.

"Reli, mayu! Hiyo ya Malampaka!" Jirani huyo, Tajudin, mwenye duka mjini humo, alirukia jibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Lakini Bariadi haihami ng'o! Ndiyo makao makuu ya mkoa!"

"Hata sisi Lalago tulijigamba kwa pamba, wanunuzi wakakimbilia stesheni Malampaka. Sasa reli mpya nayo palepale! Na hiyo mizani uliyoipakata inakwenda wapi?"

Tajudin akageukia dirishani. Milembe akacheka kimoyomoyo. Mwenye duka habebi mizani kwenda kusalimia.

Basi likasimama Nyalikungu. "Wa kuunganisha Malampaka?" utingo akaita.

"Tupo wawili," Tajudin akajibu, akiinuka. "Mimi na mizani."