Upande wa Adela

Benchi letu liko nje ya duka la mashine za kufulia, Springfield. Jumamosi tunangoja nguo zikauke, chupa ya kahawa katikati. Phineas tunamwita Intachenji, kama yale makutano ya barabara kuu za hapa, maana hoja zake huzunguka zikarudi zilikotoka. Maman Kasoki, Mkongo wetu, hutunza wazee, na amefumba macho ya maiti wengi. Jumamosi ile Cosmas, aliyefiwa na mkewe Adela mwaka jana, hakugusa kikombe. Niliogopa kumuuliza. Intachenji haogopi.

— Buda, ulirudi kwa ile densi ya mistari miwili mlikuwa mnacheza na Adela?

— Jana jioni, akasema Cosmas. Zamani waliita “wanaume” na “wanawake.” Siku hizi wanaita majina ya ndege wawili, kila mtu anachagua upande. Nikasimama kulia, upande wa Adela.

Kasoki akashika kichwa.

— Upande ya mwanamuke? Wee, papa!

— Mwenyewe alitaka tubadilishane, kabla hajaugua. Nilimwahidi. Sasa nimesimama pale, sina mwenzi, mkono ukanishika mgongoni.

— Wa nani? akauliza Intachenji.

— Sijui. Wanasema mkizunguka umtazame mwenzio machoni usipate kizunguzungu. Mimi nilifumba, nisilie. Kila tukimaliza kuzunguka, kidole gumba kinanigonga mgongoni mara mbili. Muziki ulipokwisha nikafumbua. Hamna mtu.

— Huyo ni beginner ali-confuse akatoroka. Fimbo ya mbali haiui nyoka!

— Nyoka imetokea wapi? Kasoki akamkata. Mukono ilikuwa ya baridi?

— Wa moto, Maman.

— Basi ni Adela mwenyewe. Alikuya kuchukua ahadi yake.

— Zii! Ni floor. Mbao hurekodi miguu, buda. Umesimama kwa space yake, ika-play.

Cosmas akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Nilimwonea huruma.

— Kuna densi tena leo. Niende?

Elieth, mwanafunzi wa chuo cha Annandale, alitoka dukani na kapu lake la nguo. Alikuwa amesikia yote.

— Shikamooni. Baba Cosmas, samahani, kile kidole, ndivyo alivyofanya mama?

— Hapana, mwanangu. Ni mimi. Nilikuwa namgonga hivyo ajue sasa namwachia.

Elieth akaliweka kapu chini polepole.

— Sasa baba, kama jana wewe ulikuwa mama, aliyekuwa wewe ni nani?

Kasoki akainua chupa, haikutoa hata tone. Cosmas akatazama kidole gumba chake, akaingiza mikono yote miwili mifukoni, na hakuuliza tena kama aende.