Mama Swichi, Aliyeipa Hospitali Njia ya Pili

Ndugu, jamaa na marafiki, dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Swichi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1984 akahitimu ufundi wa simu, mwanamke pekee darasani, jambo ambalo baba alilitangaza mpaka wateja wakachoka.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti watatu, na mwaka 1998 akaajiriwa hospitali kuu kutunza mtandao wa kompyuta. Huko, majibu ya maabara, iliyokuwa ng'ambo ya barabara, yalifika wodini kupitia ruta moja tu, kifaa kinachopitisha taarifa kati ya majengo, na siku ilipozima, mama mmoja aliyetoka kujifungua alicheleweshewa damu, akanusurika chupuchupu. Dada alirudi nyumbani asile kitu, na kesho yake akaomba ruta ya pili, ya kukaa tayari.

"Mashine ya kukaa bure ya nini?" aliuliza mganga mkuu.

"Mbona daktari wa zamu humwambii anakaa bure, bosi?"

Walibishana mwaka mzima, akaipata, akaiunganisha pamoja na ile ya kwanza kwenye swichi, kisanduku kinachokutanisha nyaya za kompyuta, akazipa ruta zote mbili anwani moja ya pamoja, ili ya kwanza ikizima, ya pili ishike kazi yenyewe, kisha akamwita mganga mkuu mchana kweupe, wodi zimejaa, akamwambia, "Chomoa mwenyewe." Mzee alichomoa waya wa ruta ya kwanza, akakimbilia wodini, akamkuta muuguzi anasoma majibu kama kawaida, hana habari.

Lakini fahari yake kubwa ilikuja siku ya harusi ya kitindamimba wake, ruta ya kwanza ilipoungua kabisa, upasuaji ukiendelea, na simu ya dada haikulia hata mara moja, akacheza mpaka akavua viatu, akaja kuambiwa Jumatatu, akacheka hadi machozi: "Kumbe naweza kustaafu!"

Alistaafu mwaka 2022, akaanza kuugua figo mwaka uliofuata, na tarehe 2 Juni 2025 akatutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliolala nasi sebuleni, na mafundi wenzake, aliowafundisha kazi kwa ukali na kwa utani.

Lala kwa amani, dada yetu, tunakusindikiza vichwa juu.